Namna ya Kuandika CV ya Mwanataaluma: Kila Mstari na Ushahidi Wake

Nimekaa mara kadhaa kwenye meza ya kuchuja maombi ya kazi ya uhadhiri, na kinachoniuma kila mara ni kilekile. Faili linafunguliwa. Mwombaji ana shahada mbili nzuri, amefundisha, ameandika. Lakini CV yake imeandikwa kama ya mtu anayeomba kazi benki: kurasa mbili, "malengo yangu ya kazi" juu, "mchapakazi na mwenye kujituma" katikati, na makala yake ya pekee imebanwa chini kabisa, kwenye "mengineyo". Mjumbe anauliza, "Huyu amechapisha wapi?" Hakuna anayejua. Linafunguliwa faili jingine.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyemaliza umahiri (masters), au uko katikati ya uzamivu (PhD), au umefundisha kwa mkataba miaka miwili mitatu na sasa unataka kuingia rasmi. Mifano mingi nimeitoa Tanzania, maana huko ndiko ninakoujua utaratibu kwa karibu. Sehemu kubwa itakufaa hata ukiomba Nairobi, Kampala au Ulaya.

Kabla hujaanza, ondoa kichwani wazo kwamba CV ni tangazo la kujinadi. Ya kitaaluma ni daftari la ushahidi. Mtu asiyekufahamu kabisa awezaye kuchukua mstari wowote, akaenda kuuhakikisha kwa jina la chuo, mwaka, kozi au namba ya makala, ndiye unayemwandikia. Mstari usiohakikika hausaidii kitu, hata kama ni wa kweli.

Hatua ya 1: Fungua faili mama

Usianze na CV. Anza na faili moja refu, la siri yako, lisilo na kikomo cha kurasa, unalotupia kila ulichowahi kufanya katika taaluma. Kozi uliyosaidia kufundisha, semina uliyoendesha, wanafunzi uliowatembelea kwenye mafunzo ya vitendo, makala uliyoombwa kuihakiki, kongamano ulilowasilisha mada, kibali cha utafiti ulichopewa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), kibali cha maadili kutoka NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kama unafanya tafiti za afya, na namba zake.

Kando ya kila kimoja, andika ushahidi ulipo. Barua ya kupangiwa kozi iko wapi? Ratiba ya kongamano yenye jina lako umeihifadhi? Mambo haya hupotea upesi kuliko unavyodhani. Tovuti ya kongamano inazimwa baada ya mwaka mmoja, mkuu wa idara anahama, na wewe unabaki na kumbukumbu tu. Piga picha barua, hifadhi ratiba kwa PDF, na ujitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe ili hata kompyuta ikiibwa usibaki mikono mitupu.

Mwisho wa kila semista, kaa na faili hilo nusu saa. CV utakayotuma utaichonga humo kila mara kulingana na tangazo.

Hatua ya 2: Lisome tangazo mpaka uweze kulisimulia

Ajira za vyuo vya umma Tanzania hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi hutumwa kwenye Ajira Portal, mfumo wake wa mtandaoni. Matangazo yao yana masharti ya jumla ambayo waombaji wengi huyaruka kwa kudhani ni yaleyale ya siku zote. Ni yaleyale kweli, na ndiyo yanayowaangusha watu kila mwaka.

CV inatakiwa iwe ya kujitosheleza, yenye anwani na namba za simu zinazopatikana, na majina ya wadhamini watatu. Hati ya matokeo ya muda haipokelewi mahali pa cheti halisi. Waliosoma nje ya nchi wanatakiwa vyeti vyao viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, yaani TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa shahada, na NECTA (Baraza la Mitihani) au NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi) kwa ngazi nyingine. Uhakiki huo unachukua muda, kwa hiyo usisubiri tangazo litoke ndipo uanze kuukimbilia.

Kuna pia suala la alama. Kwa nafasi ya Mhadhiri Msaidizi, matangazo mengi ya vyuo vya umma yamekuwa yakitaka GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika umahiri, kwa kipimo cha 5. Hiyo ndiyo chekeche ya kwanza. Kama alama zako zinatosha, ziandike wazi ukurasa wa kwanza, kwa tarakimu, usimwachie mchujaji kazi ya kuzitafuta kwenye viambatisho. Kama hazitoshi, hakuna mapambo ya CV yatakayoziongeza. Tafuta tangazo lenye masharti mengine, chuo binafsi, au nafasi ya utafiti.

Jambo moja zaidi kuhusu mfumo huo: unajaza taarifa kwenye fomu, halafu unapandisha na CV. Viwili hivyo vikipishana, kwa mfano fomu inasema ulimaliza 2019 na CV inasema 2020, unazua shaka bila sababu. Vifungue pamoja kwenye skrini, uvilinganishe tarehe kwa tarehe.

Hatua ya 3: Jina lako, na kwa nini ni jambo zito

Juu kabisa weka jina, cheo chako cha sasa na chuo, simu, barua pepe, na namba ya ORCID, yaani utambulisho wa mtafiti mtandaoni. Kama cheo huna, andika shahada yako ya juu na fani. Barua pepe ya chuo ni bora zaidi, ila kama mkataba wako unaisha mwezi ujao, weka ya binafsi yenye jina lako halisi.

Sasa jina. Sisi tuna majina matatu: lako, la baba, la babu. Majarida ya nje yanachukua la mwisho na kulifanya la ukoo. Mwaka huu unachapisha ukitumia jina la baba mwishoni, mwaka ujao mhariri anakuuliza na unampa la babu, mwaka wa tatu mwandishi mwenzako anakuandika kwa majina mawili tu. Ukijitafuta kwenye Google Scholar unakuta umegawanyika watu watatu, kila mmoja na makala moja. Msomaji wa CV yako akienda kuhakikisha, anaona moja kati ya tatu.

Chagua leo umbo moja la jina lako la kitaaluma, na usilibadili tena. Kisha jisajili ORCID. Ni bure na imekuwapo tangu 2012. Utapewa namba ya tarakimu 16 inayobaki kuwa yako hata ukibadili chuo, ndoa au nchi. Humo ndani unaweza kuorodhesha majina yote uliyowahi kutumia na kuziunganisha kazi zako mahali pamoja. Wale ambao majina yao yanatofautiana hata kwenye vyeti vya shule wana kazi ya ziada: wakiitwa kwenye usaili wa utumishi wa umma wataulizwa hati ya kubadili jina, kwa hiyo waishughulikie mapema.

Tarehe ya kuzaliwa? Kwa maombi ya serikalini Tanzania iweke, kwa sababu matangazo yanataja ukomo wa umri. Ukiomba Uingereza au Marekani iondoe, pamoja na dini, hali ya ndoa na picha. Wao hawaulizi, na wengi hawataki kuviona.

Hatua ya 4: Elimu

Anza na shahada ya karibuni, urudi nyuma. Kila shahada iwe na jina lake kamili, chuo, mwaka wa kuanza na wa kumaliza, GPA, mada ya tasnifu, na jina la msimamizi. Mada ya tasnifu wengi huiacha, kumbe ndiyo inayomwambia mkuu wa idara kama utaweza kufundisha kozi aliyokosa mtu wa kuifundisha.

Uko kwenye uzamivu? Usiandike tu "anaendelea". Sema umefika wapi: "Pendekezo limepitishwa na kamati ya chuo, Machi 2024, ukusanyaji wa data umekamilika, sura tatu kati ya sita ziko kwa msimamizi." Mtu aliyeanza uzamivu miezi minne iliyopita na mtu anayesubiri kutetea tasnifu wote "wanaendelea", na mchujaji hana namna ya kuwatofautisha usipomsaidia.

Kidato cha nne na cha sita weka mstari mmoja mmoja kwa maombi ya hapa nyumbani. Kwa nje ya nchi viache.

Hatua ya 5: Machapisho

Hapa ndipo CV ya mwanataaluma inaposimama au kuanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Gawa kazi zako kwa aina: makala za majarida zilizopitiwa na wahakiki, sura katika vitabu, vitabu, makala katika kumbukumbu za makongamano, tafsiri, mapitio ya vitabu, ripoti. Usivichanganye. Ripoti uliyoliandikia shirika inaweza kuwa kazi nzuri kuliko makala, lakini ukiipenyeza kwenye orodha ya majarida, msomaji makini ataigundua na ataanza kutilia shaka na zile nyingine.

Mwombaji mmoja aliandika hivi, na sijasahau:

*"Makala 2 kuhusu lugha na uvuvi, zimechapishwa kwenye jarida la kimataifa."*

Jarida gani? Mwaka gani? Aliandika peke yake au na nani? Baadaye tulikuja kuziona, na zilikuwa kazi nzuri. Mstari huo ungekuwa hivi:

*Jina la Ukoo, H. (2022). "Istilahi za uvuvi katika lahaja za kaskazini mwa Pemba." Jina la Jarida, 18(2), 45–61. DOI: …*

Mwandishi, mwaka, kichwa, jarida, juzuu, toleo, kurasa, DOI (namba ya kudumu ya makala mtandaoni). Vitu vinane, na kila kimoja kinafungua mlango wa kuhakikisha. Kama mko waandishi wengi, waandike wote kwa mpangilio uleule uliochapishwa, na jina lako ulikoleze wino. Usijisogeze mbele hata nafasi moja.

Kwa kazi za waandishi wengi, ongeza mstari mdogo chini: ulifanya nini? "Nilibuni dodoso, nikasimamia ukusanyaji wa data katika kata tatu, nikaandika sehemu ya mbinu." Majarida mengi ya sayansi sasa yanataka mchango wa kila mwandishi utajwe kwa majukumu, na upo mpangilio uitwao CRediT wenye majukumu 14 ambao unaweza kuuazima. Mstari huo unawafaa hasa vijana ambao majina yao yako katikati ya orodha ya watu tisa, ilhali wao ndio walioshinda na madaftari juani.

Halafu kuna hadhi ya kazi, na hapa nakusihi uwe mkweli mpaka herufi ya mwisho. "Imechapishwa" ni ile iliyotoka. "Imekubaliwa" ni ile uliyo na barua ya mhariri. "Iko kwa wahakiki" ni ile uliyoituma na kupewa namba ya kupokelewa. "Inaandaliwa" ni ile iliyo kwenye kompyuta yako. Hizi za mwisho zisizidi mbili, na ziwe zina rasimu kweli, maana kwenye usaili kuna mzee mmoja mpole atakayekuuliza, "Hii makala inayoandaliwa, hoja yake kuu ni nini?"

Majarida ya kitapeli ni balaa la kizazi chetu. Unapata barua pepe ya kukusifu, inakuahidi kuchapisha ndani ya siku saba ukilipa dola kadhaa. Makala inatoka kweli, bila mtu yeyote kuisoma, na inabaki na jina lako maisha yote. Zamani watu walikuwa wakitazama orodha ya Jeffrey Beall, mkutubi wa Marekani, lakini ilifungwa Januari 2017, na nakala zinazozunguka hazina mwenyewe. Sasa itakubidi uchunguze mwenyewe. Je, jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure mtandaoni, au kwenye AJOL inayokusanya majarida ya Afrika? Wahariri wake ni watu halisi walio kwenye vyuo vyao? Toleo la mwaka jana lina makala ambazo mtu wa fani yako angezisoma? Mwonyeshe msimamizi wako kabla hujalipa hata senti. Na kama tayari umeshatumbukia mara moja, usiibebe makala hiyo mbele kama fahari. Iache nje ya CV, uwe tayari kuieleza ukiulizwa.

Kama umeandika kwa Kiswahili, andika kichwa cha habari kwa Kiswahili, kama kilivyo. Nimeona watu wanavitafsiri kwa Kiingereza na kuficha asili, kana kwamba makala ya Kiswahili ni ya daraja la chini. Kioo cha Lugha na Mulika ni majarida ya kitaaluma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Swahili Forum inasomwa na wataalamu wa Kiswahili wa Ulaya na Afrika. Ukiituma CV kwa wasiosoma Kiswahili, weka tafsiri ya kichwa ndani ya mabano ya mraba baada ya kile cha asili. Inatosha.

Huna chapisho hata moja? Basi usiweke kichwa cha "Machapisho" chenye utupu chini yake. Weka "Utafiti", eleza tasnifu yako ya umahiri kwa mistari minne: swali, mahali, mbinu, ulichokipata. Halafu chukua sura moja ya tasnifu hiyo uanze kuigeuza makala wiki hii.

Hatua ya 6: Ufundishaji

Sentensi ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote ni "Nimefundisha kozi mbalimbali za shahada ya kwanza." Haina kosa la sarufi, ila haina kitu ndani. Linganisha na hii:

*Semista ya pili, 2023/24. Isimujamii, shahada ya kwanza, mwaka wa pili. Wanafunzi 210. Niliendesha semina 3 kwa wiki, nikatoa mihadhara 4 kati ya 14, nikatunga maswali mawili ya mtihani na kusahihisha vitabu 105 vya majibu.*

Ukiisoma hiyo unamwona mtu kazini. Unaona pia kwamba hakujipa uhadhiri wa kozi nzima, kasema mihadhara minne. Kuendesha semina ni jambo moja, kutoa mhadhara ni jingine, kubeba kozi nzima kuanzia mtaala hadi matokeo ni la tatu. Watu waliofundisha wanajua tofauti hiyo kwa mifupa yao, nao ndio watakaokusoma.

Ongeza usimamizi wa tasnifu kwa idadi na ngazi, na useme kama ulikuwa msimamizi mkuu au mwenza. Kama wanafunzi wako walijaza fomu za tathmini na idara ilikupa matokeo, weka wastani na idadi ya waliojaza. Kama uliwahi kufundisha sekondari, usiifute miaka hiyo, hasa ukiomba kitivo cha elimu. Taja shule, masomo na madarasa, ukaishie hapo.

Na kama ulibuni kitu, kiseme kwa jina lake. Uliandaa kitini kinachotumiwa na idara mpaka leo? Ulipeleka kozi kwenye mfumo wa kujifunzia mtandaoni wakati wa korona? Hayo hayaonekani kwenye cheti chochote, kwa hiyo usipoyaandika wewe yatapotea.

Hatua ya 7: Utafiti na fedha za utafiti

Tenganisha ruzuku ya utafiti na ufadhili wa masomo. Ufadhili ulikulipia ada na kukupa posho ili usome. Ruzuku ulipewa ili ufanye utafiti, na ina mpango, bajeti na taarifa ya mwisho. Vyote ni vya kujivunia, ila vikae mahali pake.

Kwa kila mradi andika jina la mradi, mfadhili, miaka, nafasi yako, na kiasi pamoja na sarafu yake. Nafasi ndiyo inayoangaliwa kwanza. Mtafiti mkuu, mtafiti mwenza, msaidizi wa utafiti: kila moja ina heshima yake kwa umri wake wa kitaaluma. Msaidizi wa utafiti aliyeandika "Niliongoza timu ya wadodosaji 6 wilaya ya Kilwa kwa wiki 5, nikasafisha data kwa programu ya takwimu ya Stata" anaeleweka na anaaminika. Kiasi kidogo usikionee haya. Shilingi milioni mbili za idara zilizoombwa, zikatumika na zikatolewa hesabu vizuri zinaonyesha kwamba unaweza kukabidhiwa nyingi zaidi.

Kazi za ushauri elekezi zipe kichwa chake, fupi.

Hatua ya 8: Mengine, kwa mwendo wa haraka

Makongamano: weka uliyowasilisha mada tu. Kuhudhuria hakuhesabiki. Kichwa cha mada, jina la kongamano, mji, tarehe. Kwa wana-Kiswahili, yale ya CHAUKIDU (Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani), CHAKAMA (Chama cha Kiswahili cha Afrika Mashariki) na Kongamano la Kiswahili la Bayreuth yanatambulika popote, hayahitaji maelezo.

Huduma kwa taaluma: uhakiki wa makala, ukatibu wa semina za idara, uandaaji wa kongamano, uanachama wa vyama.

Ujuzi: acha kuandika kwamba unajua Word na intaneti. Taja programu unazozitumia kwa utafiti, na ulizitumia kwa lipi. Lugha uziseme kwa viwango. Ukiomba Ulaya tumia ngazi zao za A1 hadi C2, na usisahau lugha ya kwenu. Kihaya, Kimakonde au Kisukuma ni mali kubwa kwa mradi unaohitaji mtu wa kuongea na wazee kijijini.

Mapenzi yako ya mpira na kusafiri yaache.

Hatua ya 9: Wadhamini, na namna ya kuwaomba

Wadhamini watatu wasiojua kwamba wameandikwa ni hatari kuliko kutokuwa nao. Nimeshuhudia profesa akipigiwa simu kuhusu mwombaji, akajibu kwa uungwana kabisa kwamba hamkumbuki. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amefundisha maelfu, na yule kijana hakumtafuta kwa miaka sita.

Mmoja awe msimamizi wa tasnifu yako ya karibuni. Usipomtaja, watajiuliza kuna nini. Mwingine awe aliyekuona ukifundisha, kwa mfano mkuu wa idara. Wa tatu aijue kazi yako ya utafiti. Kwa kila mmoja weka cheo, chuo, simu na barua pepe inayofanya kazi. Padri, diwani na mjomba aliye wizarani hawana nafasi kwenye orodha hii.

Mwandikie kabla, wiki mbili au zaidi, umrahisishie kazi:

*"Shikamoo Profesa. Mimi ni mwanafunzi wako wa umahiri, ulinisimamia tasnifu ya istilahi za uvuvi mwaka 2021. Naomba ridhaa yako nikutaje kama mdhamini katika maombi ya nafasi ya Mhadhiri Msaidizi. Mwisho wa kutuma ni tarehe 28. Nimeambatisha tangazo, CV yangu ya sasa, na ukurasa mmoja wa niliyofanya tangu nihitimu. Kama nafasi haikuruhusu, nitaelewa, Profesa. Ahsante sana."*

Sentensi ya kuelewa akikataa si ya mapambo. Inampa mlango wa kutoka kwa heshima, na mdhamini aliyekubali kwa shingo upande huandika barua ya shingo upande. Matokeo yakitoka, mazuri au mabaya, mrudishie habari.

Hatua ya 10: Umbo, lugha na kutuma

Kwa anayeanza, kurasa tatu hadi tano zinatosha. CV ya kitaaluma inaruhusiwa kuwa ndefu, na ya profesa inaweza kufika kurasa thelathini, lakini urefu utokane na kazi, usitokane na maneno. Herufi za ukubwa wa 11 au 12, fonti moja, rangi nyeusi, jina lako na namba ya ukurasa chini ya kila karatasi kwa sababu kurasa zinazochapwa huchanganyikana. Majedwali ya rangi na vipimo vya nyota tano za ujuzi waachie wanaouza violezo. Kama mfadhili wa Ulaya ameagiza muundo wa Europass, yaani kiolezo cha CV cha Umoja wa Ulaya, utumie huo bila kubishana.

Lugha: vyuo vyetu vingi vinaendesha shughuli zake kwa Kiingereza, basi iwe ya Kiingereza isipokuwa tangazo limesema vingine. Idara za Kiswahili uliza, na ukiandika kwa Kiswahili andika Kiswahili sanifu mwanzo hadi mwisho, usirukeruke.

Mpangilio wa sehemu unaweza kubadilika kulingana na unakoomba. Chuo kinachotafuta mtu wa kubeba kozi nne kwa semista kipe ufundishaji mbele ya machapisho. Taasisi ya utafiti igeuzie.

Usiongeze kitu ambacho hakikutokea. Matangazo ya utumishi wa umma yanaonya waziwazi kwamba anayewasilisha taarifa za kughushi atachukuliwa hatua za kisheria, na fani zetu ni ndogo, kila mtu anamjua aliyekuwa darasa moja na wewe.

Ukimaliza, chapisha kwenye karatasi. Makosa yanayojificha kwenye skrini hujitokeza kwenye karatasi. Mpe rafiki wa kitivo kingine dakika tatu tu aisome, kisha ichukue na umuulize maswali matatu: fani yangu ni ipi, nimefundisha nini, nimechapisha wapi. Akishindwa moja, hiyo ndiyo sehemu ya kurekebisha. Bofya kila kiungo na kila DOI uone kama kinafunguka. Ihifadhi kwa PDF, uite faili kwa jina lako, neno CV na mwezi, si "CV mpya mwisho kabisa 2". Angalia ukubwa wa faili unaoruhusiwa na mfumo, na usiache kupandisha mpaka usiku wa mwisho, saa ambayo kila mtu anabofya na mtandao umelemewa.

Nakala uliyoituma iweke kando pamoja na tangazo lake, na usiiguse tena hata ukiboresha faili mama. Miezi inaweza kupita kabla hujaitwa, na tangazo litakuwa limeshaondolewa kwenye tovuti. Wajumbe wa usaili watakuwa na karatasi hiyohiyo mbele yao. Usiku wa kuamkia siku hiyo, ichukue uipitie na kalamu mkononi, na kwenye kila mstari ujiulize: wakinyoosha kidole hapa, nitawaeleza nini?